Mswidi Tuliyembishania Kidia

Ubishi kuhusu Henrik Larsson ulianza Old Moshi mwaka 1992, wakati hata Ulaya yenyewe haijamjua, na kilichouleta ni tupa.

Mimi ni fundi wa kunoa misumeno, sasa nimestaafu. Kazi hiyo niliisomea Moshi mjini, katika Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden. Kijana wa leo hawezi kujua jinsi Waswidi walivyokuwa wamejaa katika nchi hii enzi za Nyerere. Fedha zao zilikuwa kwenye maji ya vijijini, kwenye umeme wa Kidatu, kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo mfano wake ulitoka kwao. Kwetu huko juu mlimani, wazungu tuliowajua kwa karibu walikuwa Wajerumani. Hao ndio waliomnyonga mtawala wetu Mangi Meli mwaka 1900, na kwao ndiko alikotoka mchungaji Bruno Gutmann, aliyeishi kwetu Kidia miaka mingi akiandika mila zetu kitabu baada ya kitabu. Mswidi alikuwa mzungu wa namna nyingine. Huyu tuliyemjua sisi hakuja kutawala wala kubatiza. Alikuja na mashine ya kupasua mbao.

Mkufunzi wetu mmoja, ambaye jina lake naliacha kwa kuwa hakuwa mtu wa kupenda kutajwa, alitoka Skåne, kusini kabisa mwa Sweden. Nilipomaliza masomo niliendelea kumfuata pale karakana kila nilipopata nafasi, maana ufundi wa msumeno hauishi kwenye cheti. Ukitaka kujua kama msumeno wa mkanda umekaa sawa, unaweka rula ya chuma juu ya bamba lake, unainama, unatazama mwanga unaopita chini ya rula. Mwanga ukikuambia kuna uvimbe, unagonga nyundo taratibu, unatazama tena. Yeye angeweza kufanya hivyo asubuhi nzima bila kusema neno. Vifaa vyake vililetwa kwa sanduku kutoka kwao, na tupa zilikuwa zimeviringishwa kurasa za gazeti ili meno yasisuguane. Sisi tulizitupa kurasa hizo. Yeye alizinyoosha kwa kiganja juu ya benchi na kuzisoma zote, hata zenye mafuta.

Siku moja akaniita nitazame picha. Kijana mwembamba, rangi ya maji ya kunde, jezi nyekundu. "Huyu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuburuta, "amefunga mabao 34 msimu huu. Mji wetu umerudi ligi kuu." Timu ilikuwa Helsingborg, iliyokuwa imeshuka daraja tangu 1968. Miaka 24 mji mzima ulikuwa ukisubiri, na aliyewapandisha, akiwa na mwenzake mkongwe Mats Magnusson, ni kijana wa miaka 21 ambaye muda si mrefu nyuma alikuwa bado anachezea Högaborg, timu ndogo ya mtaani kwao, huku akifanya vibarua vya mchana kama kijana yeyote. Alikuwa ameambiwa sana kwamba ni mdogo wa umbo.

Kilichonivutia mimi si mabao. Niliuliza rangi ile ameitoa wapi. Mkufunzi akasema baba yake ni mtu wa visiwa vya Cape Verde, anaitwa Rocha, na mama ni Mswidi, anaitwa Larsson.

Habari hiyo niliipandisha Kidia Jumamosi ile ile. Tulikuwa na desturi ya kukutana kwa Baba Mdogo, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kabla ya kustaafu, na ambaye alisoma magazeti yote ya Dar hata yakifika yamechelewa. Pombe ya mbege ilikuwa imeiva. Nikasimulia. Baba Mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama karani anayekagua daftari.

"Baba yake anaitwa nani?"

"Rocha."

"Na mtoto?"

"Larsson. Ni jina la mama."

Akaweka kata chini. "Basi huyo hana kihamba."

Kwa asiye Mchagga, maneno hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa ambalo babu zako wamezikwa humo, na hulirithi kwa upande wa baba. Mtoto wa kiume asiyebeba jina la baba ni mtu ambaye hajulikani atazikwa wapi. Wazee wakaguna. Nikajaribu kueleza kama nilivyoelezwa: wazazi wenyewe walikubaliana, wakiona kwamba katika Sweden ya mwaka 1971 mtoto mweusi mwenye jina la Kiswidi angepata njia nyepesi kidogo. Wapo waliosema huko ni kumkana baba. Wapo waliosema baba aliyekubali kuficha jina lake ili mwanawe apite ni baba kweli. Mama Mdogo, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akawakata wote: "Angeitwa Rocha mngemfanyia nini? Mwacheni mtoto wa watu acheze."

Hatukumwacha. Tangu siku ile Larsson akawa kesi yetu, na kesi za Old Moshi haziishi kwa kikao kimoja.

Oktoba 1993 aliitwa timu ya taifa, akacheza dhidi ya Finland katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, akafunga siku hiyo hiyo ya kwanza. Mwezi uliofuata akauzwa Feyenoord ya Uholanzi. Sisi huku tulikuwa na msiba wetu: Simba walikuwa wamefika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka sare ugenini, kisha wakafungwa 2–0 na Stella Abidjan hapo hapo Dar es Salaam. Nchi nzima ilinuna. Kwa hiyo Kombe la Dunia la 1994 lilipofika, moyo wa kila mtu ulikuwa kwa timu za Afrika, na Cameroon ndiyo iliyokuwa mbele, kwa yale waliyoyafanya Italia mwaka 1990. Na ratiba ikawapanga waanze na Sweden.

Dar es Salaam ndiyo kwanza walikuwa wanaonja televisheni ya ITV. Sisi tulikuwa na televisheni ya Baba Mdogo, ndogo, nyeusi na nyeupe, inayokula betri ya gari. Antena tuliifunga juu ya mgrivea, na kijana mmoja akapanda kuizungusha polepole kuitafuta Kenya, huku wa chini wakimpigia kelele: rudi, rudi, hapo hapo, basi! Picha ilikuwa na chenga nyingi kuliko za wachezaji. Mechi ilichezwa Los Angeles alasiri, yaani kwetu saa nane na nusu usiku, mwezi Juni, wakati ukungu wa mlimani unaingia hadi ndani ya blanketi. Mkufunzi wangu alipanda na pikipiki yake. Nilikuwa nimemwambia atakuwa peke yake upande wake, akasema kwao amezoea kuwa peke yake.

Sweden walitangulia. Cameroon wakasawazisha kwa Embé, kisha Omam-Biyik akafunga la pili mara tu baada ya mapumziko, na nyumba ya Baba Mdogo ikatetemeka. Walioamka kwa kelele walidhani kuna mwizi. Ndipo Larsson akaingia kutokea benchi, nywele ameshazisokota, na mimi nikasimama kuwaonyesha: ndiye yule. Dakika ya 75 akapiga shuti kutoka mbali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukarudi uwanjani, Martin Dahlin akaumalizia. Mbili kwa mbili. Dahlin naye ni mtoto wa mama Mswidi, baba yake mtu mweusi wa Venezuela. Kwa hiyo waliowanyima Cameroon ushindi walikuwa wawili waliofanana na sisi kuliko walivyofanana na kipa wao Ravelli.

Ukimya uliofuata naukumbuka vizuri kuliko mabao. Baba Mdogo akamgeukia mkufunzi. "Mwalimu, mnawatoa wapi hawa?"

"Tumewazaa," akajibu yule bwana, na hakuongeza.

Nataka nieleweke kuhusu usiku ule. Hatukuwa watu wa siasa pale. Lakini kulikuwa na hasira fulani, na haikuwa ya mpira. Kijana wa antena alishuka akasema wazi kwamba mtu wa damu yetu hawezi kutufunga sisi. Mwingine akamjibu kwamba damu ya Cape Verde na damu ya Old Moshi zimekutana wapi, hata kwenye ramani huwezi kuzifunika sehemu hizo mbili kwa kiganja kimoja. Ubishi ukahama kutoka kihamba cha Larsson ukafika kwa sisi wenyewe: tunamdai nini mtu ambaye hajawahi hata kutusikia?

Sweden waliwafunga Urusi, wakatoka sare na Brazil, wakaitoa Saudi Arabia. Julai 10 walikutana na Romania ya Hagi. Mechi hiyo ilikuwa ya saa nne na nusu usiku, hivyo nyumba ilijaa, na ikaisha 2–2 baada ya muda wa nyongeza. Mikwaju ya penalti. Mild akakosa mkwaju wa kwanza wa Sweden, baadaye Ravelli akaokoa mmoja, mitano mitano ikaisha wakiwa sawa. Wa sita wa Sweden akaenda Larsson. Miaka 22, hakuanza mechi hata hiyo. Akafunga. Ravelli akadaka wa Belodedici, Sweden wakaingia nusu fainali. Nikatazama watu wangu, wale wale wa Cameroon, wakipeana mikono. Yule kijana wa antena alikuwa juu ya mti akiuliza matokeo, hakuna aliyekumbuka kumjibu.

Wikiendi ile ile kilitokea kitu ambacho wanaoandika historia ya soka hawakitaji, wala hawana sababu. Baridi kali ilishuka kwenye mashamba ya kahawa ya Brazil, ya pili ndani ya majuma mawili. Habari zilipofika Moshi, bei ya kahawa duniani ilikuwa imeruka kwa kiasi ambacho wakulima wetu, waliokuwa wamefikia kung'oa mibuni na kupanda nyanya, hawakukiona miaka mingi. Na ni mwaka huo serikali ilipowafungulia mlango wanunuzi binafsi, kwa hiyo malori yalianza kupanda mlima kugombea gunia. Julai 13 Brazil waliifunga Sweden 1–0 kwa kichwa cha Romário, mtu mfupi kuliko mabeki wote waliomzunguka. Baba Mdogo hakusikitika sana. "Wametufunga uwanjani," akasema, "Mungu amewafunga shambani." Mchungaji aliposikia kauli hiyo hakuipenda, na alikuwa na haki.

Katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu Sweden waliipa Bulgaria 4–0. Bao la tatu lilikuwa la Larsson: alitoroka peke yake, akamzunguka kipa, akatulia kwanza, kisha akapiga. Hapo ndipo wazee walipoanza kumwita "kijana wetu", na kesi ya kihamba ikafungwa bila hukumu.

Mkufunzi alirudi kwao si muda mrefu baadaye. Aliniachia rula yake ya chuma na tupa kadhaa. Barua zake zilikuja mara moja moja, fupi, nusu hali ya hewa na nusu Larsson. Uholanzi kijana hakung'aa. Walimhamisha hamisha nafasi, mara winga, mara nyuma ya mshambuliaji. Mwaka 1997 Celtic ya Scotland ikamnunua kwa pauni 650,000, bei ambayo hata wakati ule ilikuwa ya kuokota.

Halafu Oktoba 1999, mechi ya Kombe la UEFA kule Lyon, akavunjika mguu. Waliouona walisema mguu ulikunjwa pale ambapo hakuna kiungo. Barua iliyoleta habari hiyo ilikuwa na mistari mitatu tu. Mimi nilijua amekwisha. Katika karakana nimeona watu wakipona mifupa lakini wasiikaribie tena mashine iliyowavunja. Larsson alirudi ndani ya miezi minane, akacheza Kombe la Ulaya la 2000, akawafunga Italia. Msimu uliofuata alifunga mabao 35 ya ligi na kutwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Akiondoka Celtic mwaka 2004 alikuwa na mabao 242 katika mechi 315. Nayarudia mahesabu hayo kwa wanaosema ligi ya Scotland ni nyepesi. Ni nyepesi, sawa. Lakini fainali ya Kombe la UEFA ya 2003 kule Seville dhidi ya Porto ya Mourinho haikuwa ya Scotland, na alifunga mawili ya kichwa, ingawa walilala 3–2.

Jezi yake niliipata Kiboriloni. Asiyepajua, ni pale chini, kwenye barabara kuu, unapoanza kupanda kuja kwetu. Gulio lake la mitumba linajulikana hadi Arusha. Niliiona ikining'inia kati ya makoti: milia ya kulala, kijani na nyeupe, mgongoni 7. Nikajifanya natazama koti.

"Hiyo ni ya Yanga, kaka," akasema mama mwenye meza.

"Yanga ni kijani na njano, mama."

"Ya zamani hiyo. Imepauka."

Nilimlipa alichotaka, bila kupunguza, kwa heshima ya jibu hilo. Mpaka leo ipo, kola imechanika. Na ni jezi hiyo iliyonipa jina ambalo watoto wa Kidia wananiita hadi leo: Mswidi.

Mwaka 2002 jina hilo lilinigharimu. Kombe la Dunia lilikuwa Korea na Japani, hivyo mechi zilionyeshwa asubuhi na mchana. Ijumaa Juni 7, Sweden na Nigeria. Nigeria walitangulia kwa Aghahowa, akapiga sarakasi zake. Larsson akasawazisha, kisha akafunga la pili kwa penalti. Nigeria wakatolewa. Niliporudi kazini niliwakuta vijana wa kiwandani wamenichorea bendera ya Sweden kwa chaki kwenye mlango wa stoo, chini wameandika msaliti.

Mechi ya Senegal ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya siku. Ilikuwa Jumapili, Juni 16, na ilianza saa tatu na nusu asubuhi kwa saa zetu. Old Moshi ni nchi ya Walutheri tangu enzi za Wajerumani. Jumapili saa hizo mwanamume mwenye familia yuko kwenye benchi la kanisa, si la baa. Senegal walikuwa wamewafunga Ufaransa, mabingwa wa dunia, kwenye mechi ya ufunguzi, na Afrika nzima ilikuwa nyuma yao. Sitasema nani alikuwa kanisani na nani hakuwa. Nitasema tu kwamba ile baa ya Kiboriloni niliyokwenda ilikuwa na suti nyingi kuliko kawaida yake, na wazee wa usharika wawili walikaa pembeni wakiangalia televisheni kwa jicho moja.

Dakika ya 11 ilipigwa kona, Larsson akaruka, kichwa, bao. Nilishangilia peke yangu. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Henri Camara akasawazisha, na mechi ikaenda muda wa nyongeza, enzi zile za bao la dhahabu, anayefunga kwanza ndiye mshindi. Anders Svensson akageuka vizuri sana ndani ya boksi, akapiga, mpira ukagonga mwamba wa pembeni. Dakika ya 104 Camara akatembea na mpira kutoka kulia kwenda kushoto, akaachia shuti la chini, likagonga mwamba upande wa ndani na kuingia. Mwamba wa Svensson ulikataa, wa Camara ukakubali. Baa ikalipuka, meza zikaenda, mzee mmoja wa usharika akanikumbatia mimi, adui, akilia.

Baba Mdogo alikuwa mgonjwa wakati huo. Nilipanda kumpa habari, akiwa kitandani ananisubiri. Akataka kujua kwanza kama Larsson alifunga. Nikamwambia alifunga. Akataka kujua kama Senegal wameshinda. Nikamwambia wameshinda. "Basi leo hakuna aliyefungwa," akasema, na akaagiza chai. Ni hukumu yake ya mwisho katika kesi ile. Hakuuona mwaka mpya.

Larsson akatangaza kustaafu timu ya taifa. Waswidi hawakukubali: zaidi ya watu 100,000 walitia saini kumwomba arudi, na akarudi kwa Kombe la Ulaya la 2004. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Bulgaria ilipigwa krosi kutoka kushoto, akajirusha mzima mzima hewani sambamba na nyasi, kichwa, wavu. Sweden walishinda 5–0. Katika kuadhimisha miaka 50 ya UEFA, chama cha soka cha nchi yake kilimteua kuwa mchezaji wao bora wa nusu karne hiyo.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2006, iliyochezwa Paris, niliitazama Moshi mjini, Majengo, kwenye kibanda umiza. Mbao za kukalia zilikuwa zimepasuliwa vibaya, jambo ambalo kwa kazi yangu lilinisumbua mechi nzima. Vijana karibu wote walikuwa Arsenal, kwa ajili ya Henry na Kolo Touré. Arsenal walipunguzwa mtu mapema, kipa Lehmann alipopewa kadi nyekundu, lakini wakatangulia kwa Campbell, na waliniuliza kwa kebehi yuko wapi babu yangu. Babu alikuwa benchi la Barcelona, miaka 34. Aliingia dakika ya 61. Dakika ya 76 akamgusia Eto'o mpira, bao. Dakika ya 81 akampa Belletti, bao. Baada ya mechi Henry mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba watu wanataja Ronaldinho na Eto'o, lakini aliyewaua ni Larsson. Pale kibandani hawakusubiri Henry aseme. Mmoja alizima taa.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliliona la kijinga. Kutoka ubingwa wa Ulaya alirudi Helsingborg, mji wake wa bandari, timu ile ile ya kwenye gazeti la tupa. Walipomwazima Manchester United majira ya baridi ya 2007, alifunga bao mechi yake ya kwanza, Ferguson akatamani abaki. Yeye alikuwa amewaahidi watu wa kwao kurudi Machi. Machi alirudi.

Na hapo Afrika Mashariki inaingia kwenye hadithi kwa mlango wa mbele. Katika kikosi kile cha Helsingborg alikuwamo kijana wa Nairobi, McDonald Mariga, aliyekuwa amepitia Enköping. Kutoka hapo Mariga alikwenda Parma, kisha Inter Milan, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa na akawa kwenye kikosi kilichoitwaa mwaka 2010. Mdogo wake, Victor Wanyama, alimfuata Helsingborg akiwa bado kijana mdogo, na baadaye akavaa milia ya Celtic. Novemba 2012 aliwafunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2–1. Watanzania nao walipita Sweden: Athumani Machupa Vasalund, Haruna Moshi "Boban" Gefle, Thomas Ulimwengu Eskilstuna. Wengine hawakukaa. Sababu zao wanazijua wao, lakini nimewahi kusikia vijana wa hapa wakisema Sweden ni njia ndogo, wanataka Uingereza moja kwa moja. Mariga aliichukua njia hiyo ndogo, akafika.

Larsson alitundika daluga mwaka 2009 akiwa na mechi 106 za taifa na mabao 37, amefunga katika Kombe la Dunia la 1994, la 2002 na la 2006. Ndani ya mabao hayo ya Kombe la Dunia, matatu tulifungwa sisi Waafrika, na sijaona mtu wa Kidia anayemchukia kwa hayo. Mwanawe Jordan naye amechezea Sweden, kwa jina lile lile la bibi yake.

Siku hizi vijana wakipanda kunisalimu wananiambia Zlatan. Ni kweli Zlatan Ibrahimović ana mabao 62 ya taifa, na hakuna Mswidi aliyemfikia. Mimi namchukua Larsson, kwa mkwaju wa Romania, kwa mguu wa Lyon, kwa dakika zake za Paris na kwa ile Machi aliyorudi nyumbani kama alivyosema. Mwenye hoja nyingine njia ni ile ile, unashukia Kiboriloni unapanda. Ila aje na mahesabu yake, maana wabishi wa hapa wameanza kesi hii tangu 1992.